Kivuli cha Jua Dogo

Mama yake Pasi hakuwahi kuangalia televisheni kama watu wengine. Wengine huegemea kiti, wakanyoosha miguu, wakaacha picha ziwaingie zenyewe. Yeye alivuta kigoda mpaka hatua mbili kutoka kwenye kioo, akavaa miwani ile ile ya kutungia uzi, akanyanyua kidole chenye kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, akaanza kutafuta kosa. Akiliona hakusema "kosa". Alisema, "Mshono!" na kastabini ikagonga kioo, ti.

Tabia hiyo haikushuka na mvua. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka hamsini na mitano, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa ofisi yake. Dirisha moja upande wa jua kutua, cherehani chini ya dirisha, taa imening'inia juu ya meza ya kukatia, na pale pembeni sanamu la kuvalishia nguo, halina kichwa, halina mikono. Watoto wa jirani waliliogopa. Yeye alilifanyia utani, akaliita mke mwenzangu, maana ndilo lililoshinda naye mchana kutwa na likavaa kila nguo mpya kabla ya mwenyewe.

Mteja akija kuchukua gauni, mama hakumwonyesha upande wa nje. Aliligeuza ndani nje kwanza, akalitandaza mezani. "Kwa mbele kila mtu ni mzuri," alisema. "Ukitaka kumjua fundi, geuza nguo."

Chini ya meza hiyo ndipo alipokulia binti yake. Alichezea vifungo, zipu mbovu na bobini zilizokwisha uzi. Alipofika miaka tisa, pasi ya umeme ya mama iliungua. Ilitoa moshi, ikatoa harufu, ikafa. Mama aliitupa kwenye kikapu cha vitambaa vibovu, akakopa ya jirani, akaendelea na kazi. Baada ya siku mbili aliingia chumbani akamkuta mtoto amelala kifudifudi sakafuni, jicho moja amelifumba, anavuta uzi polepole. Ile pasi ilikuwa inapita hewani mbele ya pazia jeusi. Imebandikwa bobini nne nyuma, zipu imezungushwa ubavuni.

"Wewe mtoto, unafanya nini na pasi yangu?"

"Si pasi, mama. Ni chombo. Kimebeba watu mia mbili wanaenda kwenye nyota."

Mama mwingine angechukua mwiko. Huyu alipiga magoti, akafumba jicho moja, akatazama. Akatazama tena.

"Hao watu mia mbili," alisema, "wanachungulia wapi? Chombo chako hakina hata dirisha. Utawaua."

Mtoto akabandika vifungo vyeupe ishirini na sita, vidogo vya shati, mstari mmoja ulionyooka. Hapo kikawa chombo kweli. Siku hiyo, akiwa sakafuni, aligundua jambo ambalo baadaye lilikuja kumpa ajira: kitu kidogo kikienda polepole, jicho hukiona kikubwa. Kikienda haraka, ni pasi tu inayorushwa.

Kazi ya televisheni aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na mwandiko mzuri, basi wakampa kuandika majina ya wasoma habari kwa rangi nyeupe kwenye kadi nyeusi, na kusogeza mawingu ya karatasi kwenye ramani ya hali ya hewa. Alisogeza mawingu miaka sita. Watu wa mtaani walimuuliza kama kesho mvua itanyesha, kana kwamba ni yeye anayeileta, naye aliwajibu, "Nitawaletea mchana, mkishaanua nguo."

Mwaka wa saba mtengenezaji wa vipindi vya watoto alitaka hadithi ya safari ya nyota, na hakuna aliyejua chombo cha nyota kitatoka wapi. Yeye akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na ile pasi, vifungo ishirini na sita bado vimeshika.

Wakaining'iniza kwa uzi mwembamba wa nailoni, wakaitia vumbi la unga, wakaipitisha mbele ya kamera taratibu. Watoto mji mzima waliganda mbele ya vioo. Kilichomponza ni sehemu ya pili. Chombo kilipokuwa kinapinda kushoto, kamera ikatazama nyuma yake, na watu wote wakaona kipande cha waya wa umeme kilichokuwa kimebaki, kinatikisika kama mkia wa mbwa aliyeona nyama. Kesho yake ofisini hakukusemeka kitu kingine. Mlinzi wa getini alimsimamisha. "Dada, mkiwa huko angani, mnachomeka wapi?"

Kuanzia hapo jina lake likawa Pasi. Wakubwa walimwita hivyo, na wafagizi walimwita hivyo. Hakukasirika. Kilichomuuma ni neno la mama yake jioni ile, lisilo na kicheko ndani yake.

"Mshono," mama alisema. "Ulishona mbele vizuri. Ulisahau kugeuza."

Tangu siku hiyo Pasi hakutoa picha yoyote kwa watazamaji kabla mama yake hajavuta kigoda.

Miaka ikaenda. Kompyuta zilipoingia, walioshika gundi na uzi wakaambiwa wakati wao umekwisha. Wawili waliacha kazi. Pasi alikuwa na miaka thelathini na sita, akakaa darasani na vijana waliokuwa wanatafuna pipi, akajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu wao alimuuliza kwa upole kama haoni tabu. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimjibu. "Nionyeshe tu hii kitu inawashwa wapi."

Ikaja na kazi ya kitambaa cha kijani. Hiki hutandazwa nyuma ya mwigizaji, kisha kompyuta inaufuta ukijani wote, na mahali pake unaweka unachotaka: anga, mlima, sayari. Kituo kilihitaji kitambaa cha mita kumi na mbili kwa tano, na hakuna kitambaa cha upana huo dukani. Nani atakiunga? Mama yake Pasi alikiunga, siku mbili, uzi wa kijani. Walipopiga picha, pale kitambaa kilipoungwa palitoa mistari ya kivuli chembamba ambayo kompyuta ilikataa kuifuta. Mwigizaji amesimama mwezini, na nyuma yake mbingu ina mikunjo kama shuka.

Walimwita fundi mwenyewe. Akaja na miwani yake na pasi mpya, akapanda ngazi, akatazama. "Mshono!" akajisemea mwenyewe, kwa hasira. Akafumua, akashona tena bapa, akaulaza kila mshono kwa pasi mpaka ukawa kama haupo. Chumba kizima kilisimama kumtazama. Kuanzia siku hiyo neno lilibaki humo. Picha ikiwa na kasoro, hata kama ni ya moto au ya maji, watu walisema mshono. "Bosi, njoo, nina mshono kwenye moshi." "Huo mshono wa jana umeulaza?" Wageni walidhani wameingia kwa mafundi wa nguo.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi. Barua ya kazi ilimwita Pasi Msimamizi wa Athari za Picha. Watu saba walikuwa chini yake. Wa kwanza wao alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyingi na maneno mengi, waliyemwita Ndevu, ambaye hesabu za mwanga alizijua kuliko siku ya kuzaliwa ya mkewe. Juu ya kabati, ndani ya kisanduku cha kioo, ilikaa pasi yenye vifungo.

Pasi alikuwa na miaka hamsini na mitatu kituo kilipotengeneza tamthilia yake kubwa ya kwanza ya watu wazima juu ya safari za nyota. Sehemu kumi na mbili. Watu tisa wanaondoka kwenye dunia iliyochoka, wanasafiri miaka mingi, na sehemu ya mwisho wanatua. Sehemu kumi na moja zilikuwa zimeshaonyeshwa, na mji ulikuwa hauongei kingine. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye ndiye mume wa Pasi, aliulizwa na mgonjwa aliyekuwa amelazwa machela, "Shemeji, watafika?"

Hapo hapo kwenye sifa ndipo lilipotokea la kutokea. Mkurugenzi wa kituo alimwita Pasi ofisini, akamkalisha, na yeye mwenyewe akabaki amesimama, jambo ambalo halikuwa dalili njema.

"Kuna kampuni ya nje imeniandikia," alisema. "Wanataka kuchukua kazi yote ya picha za namna hii, kuanzia mwaka kesho. Wamechukua zile picha za kutua tulizopiga machimboni, wanatengeneza mfano wao. Alhamisi saa nne asubuhi nitaangalia wa kwao, nitaangalia wa kwenu. Nitachagua hapo hapo."

"Na chumba chetu?"

"Wakishinda wao, chumba kitakuwa stoo ya viti." Akaona uso wake. "Dada, usinitazame hivyo. Mimi nataka picha nzuri tu."

Watu saba, na miaka thelathini ya jicho lake, ndivyo vilivyokuwa vinangoja Alhamisi.

Jumapili alibeba kompyuta mpaka kwa mama yake. Bi mkubwa alikuwa na miaka themanini na moja, bado anashona, ingawa sasa alipokea mapindo na vifungo tu, na gauni moja moja la mtu aliyempenda. Akavuta kigoda. Akanyanyua kidole.

Picha ilikuwa hivi. Chombo kinashuka kwenye uwanda wa mawe. Vumbi linatimka, linatulia. Mlango unafunguka, watu tisa wanatoka mmoja mmoja. Juu yao yako majua mawili, moja kubwa jeupe, moja dogo jekundu. Nahodha wao, mwanamke mrefu mwenye koti, anasema, "Kule tuliacha jua moja likituchoma. Hapa tumepewa mawili, tuishi nayo kwa adabu." Mwishoni jua kubwa linazama, wote wanajikunyata kungoja giza, na giza halishuki, kwa sababu jua dogo bado liko.

Mama alitazama mpaka mwisho. Kastabini haikugonga. Pasi akaanza kushusha pumzi.

"Rudisha," mama akasema.

"Wapi?"

"Pale mwenye koti anapotoka mlangoni. Hapo. Simamisha." Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mwanangu, huyu mbona ana kivuli kimoja?"

"Kila mtu ana kivuli kimoja, mama."

"Hata mwenye majua mawili?"

Pasi naye akainamia kioo.

Mama aliinuka, akamshika mkono kama alivyomshika zamani wakivuka barabara, akampeleka chumba cha mbele. Mwanga wa alasiri ulikuwa unaingia dirishani. Akawasha taa ya juu ya meza. Akanyoosha mkasi juu ya kitambaa cheupe, na chini ya mkasi mmoja vikalala vivuli viwili, kimoja cha dirisha, kimoja cha taa, vimepishana kama miguu ya mlevi.

"Miaka hamsini na mitano ninakata kati ya dirisha na taa," alisema. "Ndiyo maana nikitaka kukata huwa nazima taa. Ukifuata kivuli kisicho chako unaharibu nguo ya watu. Hawa watu wako mmewapa majua mawili mkawanyima kivuli."

Kikulacho ki nguoni mwako. Machimboni walipiga picha miezi mitano nyuma, jua lilikuwa moja kama siku zote, na la pili lilikuwa la kupakwa baadaye. Aliyepaka jua la pili angani ni nani? Ni chumba cha Pasi. Wiki tatu walibishana wekundu wake, ukubwa wake, lizame au lisizame. Watu saba wenye macho ya kulipwa walitazama juu, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini.

Jumatatu saa mbili asubuhi aliwaambia. Ndevu akashika ndevu.

"Nyani haoni kundule," akasema. "Bosi, nimepaka lile jua kwa mkono wangu. Nilikuwa naliota."

Mwongozaji wa tamthilia aliitwa, akaja na kikombe chake cha kahawa mkononi, akasikiliza, akacheka. Alikuwa mtu mzuri, ila mwenye haraka.

"Pasi, nani atatazama chini wakati juu kuna majua mawili?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni mtu mmoja."

"Kila nyumba ina mmoja."

"Basi lifute lile dogo. Nusu saa tu."

"Nikilifuta, mwishoni giza linaingia. Utamaliza tamthilia yako na watu tisa gizani?"

Mwongozaji akatazama kahawa yake. Huo mwisho ndio uliomfanya akubali kazi tangu mwanzo. "Picha ngapi?" akauliza, sasa hacheki.

"Arobaini na sita zenye watu wanaotembea."

"Na siku?"

"Tatu, na hii ya leo ikiwemo."

Wakaanza. Walichora vivuli kwa mkono, picha baada ya picha, hatua baada ya hatua. Ilipofika saa kumi jioni walikuwa wamemaliza picha mbili, na zote mbili zilitia aibu. Vivuli viliteleza juu ya mawe kama mafuta yaliyomwagika. Kimoja kilimtangulia mwenyewe, kikafika mlangoni kabla yake. Ndevu alikitazama akasema, "Huyu kivuli ana miadi." Hakuna aliyecheka vizuri.

Pasi aliwaambia waende wakapumzike macho. Yeye alipitia kwa mama yake, si kwa kuomba ushauri, ila miguu ilimpeleka yenyewe. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Mama alikuwa amepiga magoti, pini tatu mdomoni, anapima pindo la gauni refu la mtu. Gauni lilikuwa limevaliwa na mke mwenza. Jua la jioni lilipiga lile sanamu ubavuni, na kivuli chake kilikuwa kimelala sakafuni, kikapanda kizingiti, kikavunjika hapo, kikaendelea ukumbini. Kivuli cha mwanamke mzima kabisa, na gauni lake.

"Gauni la nani, mama?"

"La yule mwalimu mkuu." Mama alitoa pini mdomoni. "Mwenyewe yuko kazini kwake, kivuli chake kiko hapa."

Alisema tu, kama mtu anavyosema la kupitisha wakati. Pasi alisimama kizingitini mpaka mama akauliza kama ana homa.

"Mama. Kivuli kinahitaji uso?"

"Uso wa nini? Ulishaona wapi kivuli chenye pua? Kinataka bega, kiuno na pindo. Pindo hasa. Pindo la yule mwenye koti wako linachelewa, nililiona. Yeye anageuka, koti linafuata baadaye."

Pasi alimbusu mama kwenye paji la uso, pini na miwani na vyote, akatoka mbio. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, msimamizi mzima, anakimbia barabarani na mkoba unampiga kiunoni. Jirani mmoja alimuuliza, "Kulikoni huko, wameshatua?"

Jumanne asubuhi chumba cha ghorofa ya pili kiligeuka duka la nguo. Ndani ya kompyuta walitengeneza masanamu tisa, hayana nyuso, hayana vidole, yana bega na kiuno na pindo. Kila sanamu lilipewa kimo cha mwigizaji wake na nguo yake. Kisha walilifundisha kutembea ndani ya nyayo za mwigizaji huyo, hatua kwa hatua, kama mtu anavyovaa viatu vya mwingine. Wakaujenga uwanda wa machimbo chini yao, jiwe kwa jiwe, ili kivuli kipate mahali pa kuvunjikia. Halafu Ndevu akawasha taa nyekundu pale pale penye jua dogo, akaificha miili ya masanamu, akaacha vivuli vyao tu.

Picha ya kwanza ilitoka kabla ya saa sita. Nahodha anashuka, na pembeni ya kivuli chake cheusi kinashuka kingine, chepesi, chenye wekundu pindoni, kinapanda jiwe, kinavunjika, kinashuka upande wa pili. Koti linageuka baada yake.

Kisha binti mmoja wa kwenye kompyuta ya dirishani akasema taratibu, "Ameshika ardhi."

"Bado arobaini na tano," Pasi akasema. "Mtafurahi mkila."

Walifanya kazi Jumanne yote na Jumatano yote. Mwongozaji alileta chakula mwenyewe, akabeba vikombe mwenyewe, na asubuhi ya pili alikuja na viatu vya raba. Pasi hakuwa anakaa. Alipita nyuma ya viti, mmoja hadi mwingine, miwani puani, na kila aliponyanyua kidole mtu alijua. "Mshono." "Wapi, bosi?" "Huyu mzee amebeba sanduku, sanamu lake halijabeba. Mpe sanduku." Jumatano saa kumi na moja jioni walikuwa wamelaza mshono wa mwisho.

Alhamisi saa nne, chumba cha mikutano, pazia limeshushwa. Mkurugenzi alikaa katikati. Wakaanza na mfano wa nje, na ulikuwa mzuri. Pasi alikuwa mtu wa haki, hakujidanganya. Vumbi lao lilitimka kama la kweli kabisa, chombo chao kilitetemesha meza, angani majua mawili yaliwaka. Ndevu alimnong'oneza, "Vumbi lao linanikera kwa uzuri." Pasi akatikisa kichwa kukubali. Moyo wake ulikuwa unapiga kama cherehani kwenye kitambaa kigumu.

Kisha ikaja ya kwao. Ilipokwisha, mkurugenzi aliegemea kiti, vidole vimesukana.

"Nzuri," akasema. "Zote nzuri. Lakini mwongozaji ananiambia siku tatu hamkulala vizuri kwa sababu ya kurekebisha. Mlirekebisha nini? Mimi sioni kitu."

Pasi alifikiri juu ya kumweleza: majua, masanamu, taa nyekundu. Halafu akakumbuka meza ya kukatia. Nguo haielezwi.

"Mheshimiwa, niruhusu nikugeuzie," alisema. Akamwashiria Ndevu, na Ndevu akaonyesha ile ya kabla, ile ya Jumapili.

Watu tisa wakatoka mlangoni. Mkurugenzi akakunja uso. Akasogeza kiti mbele. Hakujua anachokitafuta, ila kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza.

"Hawa wana nini? Mbona kama... kama wamening'inizwa?" Akanyanyua mkono. "Rudisha ile nyingine."

Wakarudisha ile yenye vivuli viwili.

"Hapa wamesimama," alisema. "Kule wanaelea, hapa wamefika." Akainuka, mtu mzima na tai yake, akaenda mpaka kwenye ukuta penye picha, akaweka kidole ardhini. "Kimoja. Na hiki hapa, kingine. Mungu wangu! Niwekeeni tena ya wale."

Wakaweka. Vumbi likatimka vizuri sana. Kila mtu kivuli kimoja.

"Si wenzetu peke yao," Pasi akasema. "Picha za machimboni zilikuwa na jua moja. Wakapaka la pili juu, hawakutazama chini. Na sisi wenyewe tulikosea, tukaonyeshwa."

"Na nani?"

"Fundi cherehani."

Mkurugenzi alimtazama kama anayetafuta utani, asiuone. Akarudi kukaa. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema, nusu kwa sauti. Halafu kwa sauti kamili, "Viti vitafutiwe stoo nyingine. Na mwaka kesho nataka sayari yenye maji."

"Maji ni magumu," Ndevu akadakia.

"Nyamaza, Ndevu," Pasi akasema. "Tutayashona."

Jumamosi sehemu ya kumi na mbili ilionyeshwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo hata maduka yalikuwa yamefungwa nusu mlango. Pasi hakwenda kwenye tafrija ya kituo. Alikaa nyuma ya kigoda cha mama yake, kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani kama aliyeitwa kwa mwalimu. Mama alikuwa amevaa miwani. Kidole chenye kastabini kilikuwa juu, tayari.

Chombo kikashuka. Kidole juu. Vumbi likatulia. Mlango ukafunguka, nahodha akatoka na vivuli vyake viwili. Kidole bado juu, lakini kilikuwa kimeanza kuyumba. Nyuma yake akaja yule mzee mwenye sanduku, anapapasa njia kwa mguu, na mbele yake pana jiwe.

"Angalia jiwe hilo, baba!" mama akapiga kelele. "Mshikeni basi, nyie vijana! Mnamtazama tu?"

Wakamshika. Mama akashusha pumzi, na mkono ukashuka naye, ukatua gotini, ukasahaulika hapo. Jua kubwa likazama. Mama akajivutia khanga mabegani, akajikunyata pamoja na wale tisa. Jua dogo likabaki. "Aa," alisema, kwa sauti ndogo kabisa. "Kumbe liko."

Majina yakaanza kupanda. Mama alisoma darasa la saba tu, na alisoma kwa midomo, lakini jina hili alilingoja, akalidaka lilipopita, jina zima la mtoto na la baba yake, na juu yake maneno Msimamizi wa Athari za Picha. Akalisindikiza kwa kichwa mpaka lilipoishia juu ya kioo.

Pasi alimsubiri.

"Mama, leo hujasema mshono."

Bi mkubwa aligeuka kwenye kigoda, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga. Macho yalikuwa mekundu kidogo.

"Wacha utani wako," alisema. "Kwani ulishona wapi?"